Kosa la Hesabu si Dhambi

Kuna aibu ambazo watu huzificha, na kuna nyingine ambazo karibu hujivunia. Mtu mzima asiyejua kusoma hutafuta kila hila ili jirani yake asijue. Lakini asiyejua hesabu hulitangaza jambo hilo mbele ya wageni huku akicheka: "Mimi hesabu zilinishinda tangu darasa la tatu." Nao wanaomsikia hucheka pamoja naye, maana wengi wao ziliwashinda pia. Twapenda kuuliza leo: je, ni kweli kwamba hesabu ziliwashinda, au walishindwa na jambo jingine lililopewa jina la hesabu?

Swali hili si la mzaha. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2021, katika kila watahiniwa watano waliofanya somo la hesabu, aliyefaulu alikuwa kama mmoja tu. Mwaka 2023 hali ilipata nafuu kidogo, ikawa kama mmoja katika kila wanne. Kama kungekuwa na hospitali inayoponya mgonjwa mmoja katika watano, hapana mtu ambaye angesema kwamba wale wanne wengine ni wavivu. Lakini kwa hesabu twasema hivyo kila mwaka, matokeo yakitangazwa, kisha twanyamaza mpaka mwaka ufuatao.

Anayedhani kwamba watu wetu hawana akili ya hesabu, na aende Kariakoo asubuhi. Mahali hapo pamepata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na mpaka leo mizigo haijapungua. Katika Mtaa wa Kongo mfanyabiashara wa khanga hukutajia bei ya doti ishirini kabla hujamaliza kuuliza. Anayenunua belo la mitumba hajui kilichomo ndani mpaka alifungue. Akishalifungua, huzipanga nguo kwa madaraja, hushusha bei za hizi na kupandisha za zile, hata jumla yote irudishe mtaji wake na kumwachia kitu cha kula. Mwanafunzi wa chuo angehitaji karatasi mbili kwa kazi hiyo. Yeye huifanya akiwa amesimama juani, huku akijibishana na wateja watatu.

Tutazame jambo dogo zaidi, nalo ni chenji. Tuseme mama mmoja amenunua bidhaa ya shilingi 6,500, akatoa noti ya shilingi 10,000. Kijana wa duka hachukui kalamu. Huweka mezani mia tano, akasema, "Elfu saba." Kisha huweka elfu moja, na nyingine, na nyingine: "Nane, tisa, kumi. Hiyo hapo, mama." Hakutoa chochote katika chochote. Amepanda kutoka bei mpaka kwenye noti kama mtu apandaye ngazi, na vidato alivyopanda ndiyo chenji yenyewe. Njia hii haikosei, na mama naye aifuata kwa macho hatua kwa hatua, hata asiweze kudhulumiwa wala kushuku kwamba amedhulumiwa.

Hata lugha yetu ni shahidi. Nusu, theluthi, robo, sudusi, thumni: maneno haya tuliyapokea kutoka Kiarabu, yakakaa katika vinywa vya watu wa pwani kwa ajili ya biashara na mirathi. Mtoto wa jirani yetu Mwislamu aweza kusikia nyumbani kwao kwamba mjane mwenye watoto hupata thumni ya mali, na kwamba mzazi wa marehemu aliyeacha watoto hupata sudusi. Bibi zetu walijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja kabla shule ya kwanza haijajengwa mtaani kwao. Watu wenye maneno ya namna hiyo hawawezi kuitwa wageni katika nchi ya sehemu.

Sasa mtoto wa mtaa huohuo, ambaye jioni humsaidia mama yake kwenye meza ya biashara, aitwa ubaoni. Apewa hesabu hii: 503 kutoa 287. Aandika 384.

Twawaomba wasomaji watazame kwa makini alivyofanya, maana jambo letu lote la leo limo humo. Katika mamoja ameona 3 na 7. Ametoa ndogo katika kubwa, akapata 4. Katika makumi ameona 0 na 8. Ametoa ndogo katika kubwa, akapata 8. Katika mamia ameona 5 na 2, akapata 3. Mtoto huyu hakubahatisha. Anayo kanuni moja, naye ameifuata kwa uaminifu mara tatu bila kuteleza. Huenda zamani aliambiwa kwamba kubwa haitoki katika ndogo, akaipokea kanuni hiyo na kuishika, kama watoto wema wanavyoshika wanayoambiwa. Kanuni ndiyo iliyo mbovu. Akili iliyoifuata ni nzima kabisa.

Je, ni nini hufuata katika madarasa mengi? Mkosi mwekundu. Wenzake wacheka. Pengine fimbo. Kisha mwalimu asema, "Nani atamsaidia mwenzake?" Mwingine anyoosha kidole, aja, aandika 216, apigiwa makofi, na somo laendelea. Hapana aliyemwuliza yule wa kwanza swali la maneno mawili: "Umepataje, mwanangu?" Amerudi kwenye dawati lake na kanuni yake ileile mbovu, na juu yake amepata fundisho jipya ambalo hakuna aliyekusudia kumpa: kwamba fikira zake hazifai kitu, na kwamba ukweli wa hesabu husomwa usoni kwa mwalimu. Kuanzia siku hiyo atakuwa akiandika jibu huku akimwangalia mwalimu. Akimwona amekunja uso, atafuta haraka, hata kama jibu lilikuwa sahihi.

Nasi twasema kwamba hapo ametendewa udhalimu. Si ukali tunaoulalamikia. Mwalimu mkali aweza kuwa mwenye haki, na mwalimu mpole aweza kumdhulumu mtoto kwa tabasamu. Udhalimu ni huu: mtoto alileta sababu, akajibiwa kwa fimbo au kwa kicheko, ambavyo si sababu.

Katekisimu yafundisha kwamba hakuna dhambi ya mauti pasipo kujua na kukubali kwa hiari. Anayeandika 384 hajui kwamba amekosa, wala hakutaka kukosa. Alitaka kupatia kuliko mtu yeyote aliyekuwamo darasani. Twawezaje basi kumwadhibu kama mwizi? Hata sheria ya nchi haikubali. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni za mwaka 2002 zimeweka adhabu hiyo kwa makosa mazito ya nidhamu, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Kukosea kutoa na kugawanya si kosa la nidhamu. Mwalimu apitaye kati ya madawati na fimbo, akagawa kiboko kimoja kwa kila jibu lililokosewa, hana kifungu cha kumkinga, ijapokuwa wazazi wengine humshukuru.

Mtakatifu Augustino, aliyekuwa Mwafrika wa Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria, aliyaandika mambo haya katika Maungamo yake zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Alikuwa askofu wa kuheshimiwa, lakini viboko vya shule alikuwa bado anavikumbuka, na jinsi wakubwa walivyovicheka. Akakumbuka pia kwamba wimbo wa moja na moja ni mbili, mbili na mbili ni nne, ulimchosha na kumchukiza. Mtu huyo alikuwa miongoni mwa akili kubwa kuliko zote ambazo Kanisa limepata. Na katika kitabu chake kingine, juu ya mwalimu, alifika mbali zaidi: alisema kwamba maneno ya mwalimu peke yake hayatii elimu ndani ya mtu, humwamsha tu mwanafunzi atazame ndani yake, auone ukweli mwenyewe. Hatujui fundisho linalolifaa somo la hesabu kuliko hilo. Katika historia twahitaji kumwamini aliyekuwako. Katika jiografia twamwamini aliyesafiri. Lakini kwamba 287 na 216 ni 503, hatuna haja ya kumwamini mtu yeyote. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuliona jambo hilo sawasawa na waziri.

Sasa tulitengeneze lile kosa kwa mali aliyonayo mtoto mwenyewe. "Tuseme kitu ni shilingi 287, na mteja ametoa 503. Mpe chenji." Mtoto wa Kariakoo atapanda: kutoka 287 mpaka 300 ni 13; kutoka 300 mpaka 500 ni 200; bado 3. Jumla 216. Ataliona jibu lake la kwanza, 384, kwamba haliwezekani, maana hapana mwenye duka atakayetoa chenji kubwa kuliko bei, kwa kitu kilichozidi nusu ya fedha iliyotolewa. Hapo ndipo mwalimu aweza kumwonyesha kuazima makumi na mamia, na kumweleza kwa nini njia hiyo ndefu ya kwenye ubao yafika palepale.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha habari za watoto wauzaji wa barabarani katika mji wa Recife, Brazili. Waliwaendea kama wateja, wakauliza bei za nazi kadhaa na chenji. Watoto walipatia mara 98 katika mia. Baadaye wakawapa hesabu za namna ileile kwa karatasi na kalamu, bila nazi wala mteja. Wakapatia mara 37 tu katika mia. Walikuwa watoto watano, nasi hatupendi kujenga ghorofa juu ya watoto watano. Lakini mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi mwingine wa watoto zaidi ya 1,400 wafanyao kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi, nchini India, na habari ikawa ileile: wajuzi sokoni, wageni kwenye karatasi. Kisha watafiti hao wakawageukia watoto wa shule wasiofanya kazi sokoni. Hao walizijua hesabu za karatasi, lakini walipopewa za soko wakashindwa.

Basi wasomaji wasitufahamu vibaya. Hatusemi kwamba soko ni shule bora, wala kwamba mtoto aachwe mezani pa biashara ati kwa kuwa huko anajifunza. Mahali pa mtoto ni shuleni. Soko humfundisha kupanda ngazi za chenji, lakini halimfundishi kwa nini ngazi zile hufanya kazi kwa namba zote, hata kwa namba ambazo hakuna fedha inayozifikia. Tunalosema ni kwamba pande hizi mbili zimetengana kama watu wa nyumba moja wasiosemezana, na ni mwalimu awezaye kuwapatanisha, kwa sharti moja: akubali kusikia mtoto amefikiri nini.

Mkosi mwekundu hauwezi kufanya kazi hiyo. Chukueni sehemu. Mtoto ajumlisha 1/2 na 1/4, aandika 2/6: amejumlisha vya juu, akajumlisha vya chini. Ukimwambia tu "umekosa, tafuta kigawe kidogo cha shirika," atakitafuta kwa sababu umemwagiza. Lakini mwulize: "Nimenunua nusu kilo ya sukari, kisha nikaongeza robo. Wewe wasema ninayo 2/6, yaani theluthi. Theluthi ni kubwa au ndogo kuliko nusu?" Atanyamaza. Kisha atacheka mwenyewe, maana ameona sukari imepungua kwa kuongezwa. Kicheko hicho ni tofauti kabisa na kile cha wenzake.

Au chukueni MAGAZIJUTO, neno ambalo kila aliyepita shule ya msingi Tanzania alikaririshwa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno zuri, nasi hatulidharau. Lakini mpe mtoto 10 kutoa 4 kujumlisha 3. Wengi watajumlisha kwanza 4 na 3, kwa kuwa JU yatangulia TO, kisha watatoa 7 katika 10, wapate 3. Jibu ni 9. Mwenye shilingi elfu kumi akitumia nne, kisha akalipwa deni la elfu tatu, ana elfu tisa mfukoni, na hapana mtu Kariakoo atakayemshawishi kwamba anazo tatu. Alama ya kutoa ilishika ile 4 peke yake. Ile 3 haikuguswa. Mtoto aliyekosa hapa alikuwa mtiifu kwa kanuni kuliko alivyokuwa mtiifu kwa akili yake. Sisi tuliompa kanuni bila sababu yake twawezaje kumlaumu?

Kuuliza si uvumbuzi wa watu wa leo. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Plato wa Uyunani aliandika mazungumzo yaitwayo Meno. Ndani yake Sokrate amwita kijana mtumwa, asiyepata kufundishwa hesabu, amwuliza: mraba huu, ukitaka mwingine ulio mkubwa mara mbili, upande wake uwe na urefu gani? Kijana ajibu kwa haraka: mara mbili. Amekosa, maana mraba huo huwa mkubwa mara nne. Sokrate hamkemei, wala hampi jibu. Achora mchangani, auliza tena. Kijana ajaribu tena, akosa tena, afika mahali asema kwamba hajui. Sokrate afurahi, kwa sababu sasa kijana ametamani kujua. Mwishowe aiona njia: mraba wa pili wasimama juu ya mstari ukatao wa kwanza kutoka pembe hadi pembe. Twapenda wasomaji wakumbuke kwamba aliyekuwa akiulizwa maswali hayo alikuwa mtumwa, mtu ambaye katika mji ule hakuwa na haki ya kutoa neno. Mbele ya mraba, neno lake lilipimwa kwa uzito wake tu.

Walimu watatujibu, na haki wanayo: "Ninyi mwaandika gazetini. Sokrate alikuwa na mwanafunzi mmoja; mimi ninao tisini." Kweli. Serikali ilipoondoa ada mashuleni mwaka 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliingia darasani. Jambo hilo lilikuwa jema, nasi twalisifu. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya watoto, wala walimu. Katika shule nyingi za mji huu watoto hukaa kwa kubanana, na daftari za siku moja huwa mzigo wa mtu mzima. Anayemdai mwalimu huyo amsikilize kila mtoto kila siku, hajui alisemalo.

Sisi hatumdai hivyo. Twamwomba jambo ambalo lawezekana hata kwa watoto tisini. Anaposahihisha, atakuta kosa moja limerudi katika daftari ishirini au thelathini, kwa kuwa makosa ya watoto si mengi kama tunavyodhani. Ni machache, nayo yanafanana. Kesho yake aliandike kosa hilo ubaoni bila jina la mtu. Asiseme kwamba ni kosa. Aulize: "Huyu alifikiri nini?" Awaache wazungumze wawili wawili kwa dakika tatu, kisha asikilize watatu au wanne. Dakika kumi zatosha, na mwenye kosa lake hufunguliwa bila kuaibishwa. Pengine hata hatajulikana. Wako walimu wafanyao hivyo tayari, bila kusifiwa na mtu. Na majedwali ya kuzidisha yaendelee kukaririwa, hilo hatuna ugomvi nalo: asiyejua kwamba 7 mara 8 ni 56 hana nafasi kichwani ya kufikiri jambo lolote jingine. Ila atakapoyasahau katikati ya mtihani, awe na njia ya kuyapata tena.

Kuna jibu la pili la walimu, nalo latusumbua zaidi. Wasema: "Mimi napimwa kwa mtihani, na mtihani hauulizi amepataje." Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulianza kusahihishwa kwa mashine, na hesabu zikawa za kuchagua herufi na kusiliza kiduara. Baadaye maswali machache ya kuonyesha njia yalirudishwa, nasi tulifurahi. Lakini mtihani ulio na herufi nyingi kuliko njia huwaambia watoto wa nchi nzima kwamba hakuna anayetaka kujua walivyofikiri. Aliyebahatisha na aliyeelewa hupata alama sawasawa. Twaomba wenye mamlaka wasiitazame njia ya mtoto kama gharama ya kusahihisha tu. Wathibiti ubora wa shule nao, wafikapo darasani, wasihesabu tu idadi ya mazoezi yaliyotiwa alama. Wafungue daftari watafute mahali ambapo kosa limejibiwa kwa sababu.

Wala tusitazamie kwamba kubadili vitabu kutatuokoa. Afrika Mashariki ililijaribu hilo. Mwaka 1962 wataalamu kutoka nchi za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hesabu za namna mpya, vikajulikana kwa jina la mji huo. Nia yao ilikuwa ileile tunayoitetea leo: mtoto asikariri, aelewe. Lakini walimu wengi walipewa kitabu bila kupewa muda wa kukielewa wao wenyewe, na watoto wakaanza kukariri maneno ya seti kama walivyokuwa wakikariri mengine. Nchini Kenya Rais Moi aliziondoa hesabu hizo mpya mashuleni mwaka 1981, na wazazi wengi hawakuzililia. Mwalimu asiyeulizwa naye hataweza kuuliza. Akifunzwa chuoni kwa kunakili ubao, ataufanya ubao uwe kazi yake maisha yote.

Neno moja tu juu ya lugha, maana limesemwa sana. Mtoto aliyesoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi ya serikali, afikapo kidato cha kwanza huzikuta zimehamia katika Kiingereza. Kwa "umepataje" angekuwa na jibu. Kwa swali hilohilo la Kiingereza huinamisha kichwa. Mwalimu mwenye hekima humruhusu aeleze kwanza kwa lugha anayofikiria, kisha humsaidia kuvuka. Hatuoni kwamba Kiingereza hupata hasara yoyote kwa hilo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunaipa hesabu uzito huu. Na aende kwa mkulima aliyejaza lumbesa. Gunia limeshonewa kilemba juu, limebeba kilo nyingi kuliko zinazolipiwa, nalo huuzwa kwa bei ya gunia. Wakala wa Vipimo huipiga vita desturi hiyo, na sheria yaikataza, lakini mkulima asiyeweza kujipimia hasara yake huipokea kama mvua au jua. Vivyo hivyo anayekopa kwa riba ya "asilimia kumi tu", asijue kwamba ni kumi kwa kila mwezi, na kwamba kabla ya mwaka kwisha atakuwa amelipa riba iliyozidi mkopo wenyewe. Watu hawa walikaa darasani. Walifundishwa asilimia. Hawakufundishwa kwamba wanayo haki ya kumwuliza mtu mwenye kalamu, "Umepataje?"

Wazazi wasikae pembeni. Mzazi aliyeacha shule darasa la nne hudhani hana msaada wa kutoa, kumbe anao. Mtoto akileta daftari yenye mikosi, asimkimbilie kwa mkono. Na aseme, "Hebu nieleze mama yako ulivyofanya hii." Hahitaji kujua jibu. Mtoto akilazimika kumweleza mtu asiyejua, mara nyingi hukuta kosa lake mwenyewe katikati ya sentensi.

Na shule za mitaa hii hazikosi mahali pa kuanzia. Jengo la soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, ni kazi ya msanifu wetu Beda Amuli. Mapaa yake aliyafanya kama miavuli iliyopinduliwa, yapokee maji ya mvua badala ya kuyamwaga. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo, lakini fikira yake haikuungua. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huacha lita moja ya maji kamili. Basi darasa la sita na wapime paa la darasa lao wenyewe. Likiwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, na mvua ikanyesha milimita 10, paa hilo limepokea debe ngapi, ikiwa debe moja ni lita 20? Masika yakianza, waweke mtungi chini ya bomba la paa, wapime, walinganishe na jibu lililo ubaoni. Mmoja atasema debe mbili, mwingine ishirini, mwingine mia nne. Mwalimu asiseme bado ni nani aliyepatia. Aanze na yule wa debe mbili, amsikilize mpaka amalize.